Kule Hirado, Mwingereza Alilipa Kodi ya Shamba

Tangu Shōgun ile mpya itoke mwaka 2024, Nyeri imejaa wataalamu wa Japani. Nimewasikia kwa kinyozi pale Kamakwa. Nimewasikia ndani ya Probox ya kwenda Karatina, tukiwa wanne kiti cha nyuma kama kawaida. Nimewasikia hata matangani, kati ya chai na maombi. Hoja yao ni moja na inaenda hivi: Mjapani alimwona Mwingereza akamfungia mlango, akakaa kwake akajijenga, na leo anatuuzia hiyo Probox. Sisi tulimwona Mwingereza tukamtilia uji, akaketi, akamaliza uji, akachukua shamba. Kwa hivyo shida ilikuwa sisi. Wazee wetu walikuwa wapole mno ama wajinga mno, chagua mwenyewe.

Kuna kundi la pili, la waliosoma kidogo zaidi, ambalo hulicheka kundi la kwanza. Hawa husema historia haina "ingekuwaje". Reli ilikuwa inakuja, bunduki ya Maxim ilikuwa imeshatengenezwa, wakubwa wa Ulaya walikuwa wameshakaa Berlin na ramani yao. Kuuliza ingekuwaje, wanasema, ni stori za base.

Nazikataa hoja zote mbili, na kwa sababu moja: zote zinamwachilia Mwingereza. Ya kwanza inamhukumu guka. Ya pili inauhukumu upepo. Mimi nasema kulikuwa na njia nyingine, na aliyeijua njia hiyo kuliko mtu yeyote ni Mwingereza mwenyewe, kwa sababu alikuwa ameshaipita kwa miguu yake miaka karibu 300 kabla ya kufika Nyeri. Tena aliipitia huko huko Japani mnakopapenda.

Yule John Blackthorne wa kwenye skrini ametokana na mtu wa kweli, William Adams, rubani Mwingereza aliyefika Japani Aprili 1600 ndani ya meli ya Waholanzi iitwayo Liefde, mabaharia wenzake wengi wakiwa wamekufa njiani. Tokugawa Ieyasu alimtia ndani kwanza, kisha akaona ana faida. Akamfanya mshauri, akamjengesha meli, akampa shamba Hemi na jina jipya, akamkatalia ruhusa ya kurudi kwao. Mwaka 1613 meli ya Waingereza, Clove, chini ya John Saris, ikatia nanga Hirado. Ieyasu akawapa kibali cha kufanya biashara. Waingereza wakafungua duka.

Sasa hapa ndipo ningependa wataalamu wangu wa Probox watulie kidogo. Duka hilo lilifunguliwa katika nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba hakuwa hata Mjapani, alikuwa tajiri wa Kichina aliyeitwa Li Dan. Mwingereza alikuwa mpangaji wa mgeni mwenzake! Mkuu wa duka, Richard Cocks, aliandika shajara, na mwaka 1615 akaandika kwamba amekodi kibustani na kupanda viazi vitamu vilivyoletwa kutoka visiwa vya Ryukyu. Ngwaci, yaani. Akaandika na kodi yake: shilingi 5 kwa mwaka.

Alilipa. Alipeleka zawadi kwa mtawala wa Hirado pale desturi ilipotaka zawadi. Ieyasu alipokufa mwaka 1616 na mwanawe Hidetada akabana masharti, ikawa biashara ni Hirado na Nagasaki pekee, Mwingereza alinung'unika, akatii. Mwaka 1623 akafunga duka na kuondoka. Hakufukuzwa na mtu, alipata hasara: sufu yake nzito haikuwa na wanunuzi wa kutosha. Hamsini baadaye, mwaka 1673, alijaribu kurudi Nagasaki, na hapo ndipo alipofungiwa mlango, kwa sababu mfalme wake Charles II alikuwa ameoa binti wa kifalme wa Ureno na Wajapani hawakutaka kusikia habari za Ureno. Soma tena tarehe hizo. Kwa miaka 10 mlango ulikuwa wazi, na Mwingereza aliingia kwa adabu akaishi kwa kanuni za mwenye nyumba. Kwa hivyo ile hadithi ya Mjapani aliyefunga mlango palepale alipomwona mzungu, iacheni.

Na ile ya pili, ya sisi kufungua mlango, iacheni pia. Misafara ya pwani katika karne ya 19 iliogopa kuingia ndani ya nchi ya Wakikuyu. Ilinunua chakula kandokando, upande wa Ngong na Dagoretti, na mara nyingi wanawake ndio waliobeba maharage na viazi hadi mpakani, wakauza, wakarudi. Wanawake hao hao walipita kwenda kuuziana na Wamasai hata wakati wanaume wa pande mbili walikuwa wanawindana kwa mikuki. Teleki alipopita mwaka 1887 alipita kwa risasi. Hiyo ndiyo nchi mnayosema ilikuwa imelala na mlango wazi? Mlango ulikuwa umefungwa, na dirisha la duka lilikuwa limefunguliwa. Ni mpango ule ule wa Hirado.

Mlango ulifunguliwa Oktoba 1890, na ulifunguliwa kwa makubaliano. Kapteni Frederick Lugard, mtu wa Kampuni ya Imperial British East Africa, alifika Dagoretti, pembeni mwa Nairobi ya leo, wakati ambapo Nairobi yenyewe ilikuwa bado ni maji baridi na nyasi. Alikutana na Waiyaki wa Hinga. Wakachanjiana, wakawa ndugu wa damu. Waiyaki akamruhusu kujenga ngome. Lugard akaenda zake Uganda, akamwachia ngome George Wilson.

Kilichofuata hakihitaji nadharia ya ubepari. Wapagazi na askari wa misafara ya Kampuni walikuwa wanapita, wakiona shamba lenye mazao wanaingia na kuvuna. Hawalipi. Lugard mwenyewe, katika kitabu alichochapisha mwaka 1893, aliandika kwamba ugomvi ulisababishwa na utovu wa nidhamu wa misafara hiyo, iliyoiba mazao ya watu. Huyo si mimi wala si mzee wa Mau Mau, ni Lugard. Mwaka 1891 ngome ya Dagoretti ilizingirwa, Wilson akatoka, ikachomwa. Wakajenga nyingine Kabete, Fort Smith. Agosti 1892 Waiyaki alikamatwa humo ndani, akapelekwa kuelekea pwani, na mwezi uliofuata akafia Kibwezi. Sisi wa milimani tumelelewa tukiambiwa alizikwa hai, kichwa chini.

Haya, historia mbadala. Mnaitaka? Msianze na Wakikuyu wenye bunduki za Maxim, hiyo ni sinema. Mbadilishe kitu kimoja kidogo: mtu wa msafara anafika shambani, anaona viazi, anatoa shanga au kitambaa, ananunua viazi. Basi. Hakuna teknolojia mpya hapo, hakuna mfalme mpya. Cocks aliweza Hirado kwa shilingi 5.

Nyumbani kwetu sheria ya kumpokea mtu kama huyo ilikuwepo tayari, na ilikuwa na jina. Anayekuja kuomba mahali pa kulima aliitwa muhoi, kutoka neno la kuomba. Muhoi hapewi shamba liwe lake. Anapewa kulima, kwa urafiki, na yeye huleta pombe wakati wa mavuno, husaidia kujenga, huheshimu mipaka, yale maua ya itoka yaliyopandwa mpakani si ya kung'oa. Haruhusiwi kuuza. Urafiki ukiharibika anaambiwa aondoke, na anapewa muda wa kuvuna alichopanda. Jomo Kenyatta, ambaye nina maneno mengi juu yake kuhusu mashamba lakini si leo, alieleza jambo hili mwaka 1938 katika Facing Mount Kenya: wazee waliwapa Wazungu wa kwanza mahali wakiwaona kama wageni wa muda, watu wa kupanga. Wazee hawakuwa wapole mno. Walimpa Mwingereza daraja lile lile alilopewa Hirado. Kosa lao ni kudhani ataishi Kabete kama alivyoishi Hirado.

Na Kiswahili, lugha yenye mzaha mchungu, ina neno moja tu, kodi, kwa hela unayompa mwenye nyumba na hela unayoipa serikali. Kuanzia mwaka 1901 Mwingereza alianzisha kodi ya vibanda katika Himaya ya Afrika Mashariki. Fikiria hiyo vizuri wewe uliye na keja Ruring'u unayehangaika kila tarehe 5. Mpangaji anaingia, halipi, halafu anakuja kwako mwisho wa mwezi kukudai kodi ya nyumba uliyojenga wewe.

Kati ya Waiyaki na kodi ya vibanda kuna njaa, na hapo sitamlaumu Mwingereza kwa kila kitu. Miaka ya 1898 hadi 1900 mvua ilikosa, nzige walikuja, ng'ombe walikuwa wameshakufa kwa sotoka, kisha ndui ikaingia. Cucu zetu waliiita Ng'aragu ya Ruraya, njaa ya Ulaya, kwa sababu ilikuja pamoja na wageni, reli na misafara yao inayokula. Walionusurika kusini walirudi kwa jamaa zao Murang'a na Nyeri, wakaacha mashamba Kiambu yaote nyasi. Walowezi walipofika wakaonyeshwa nyasi, wakaambiwa ardhi ni tupu. Mtu amelazwa hospitali, wewe unaandika nyumba haina mwenyewe.

Katika njaa hiyo hiyo ndipo tulipompata William Adams wetu. Msidhani natania. John Boyes, baharia kutoka Yorkshire, aliingia nchi ya Wakikuyu mwaka 1898 bila kibali cha serikali yake. Akashikana na Karuri wa Gakure, mganga mwenye sifa upande wa Murang'a. Karuri alikuwa na chakula na watu, Boyes alikuwa na bunduki na soko la chakula nje. Kwa muda mambo yalienda kama ya Adams: baharia mmoja, mkubwa mmoja wa nchi, kila mmoja akimtumia mwenzake. Boyes alikuja kuandika kitabu mwaka 1911 akijiita mfalme wa Wakikuyu, uongo mtupu, lakini soma kati ya mistari na utamwona Karuri akimwendesha. Unajua nani hakuupenda mpango huo? Serikali ya Kiingereza. Ilimkamata Boyes ikampeleka Mombasa kumshtaki, na mahakama ikamwachilia. Karuri naye akaishia kuwa chifu wa serikali. Mlango wa Adams ulifunguka kwetu, na aliyeufunga kwa teke ni Mwingereza.

Sasa tupande Nyeri, na tushike mwaka mmoja: 1902.

Tarehe 30 Januari 1902, London, Uingereza ilitia saini mkataba wa ushirikiano na Japani. Pande mbili, sawa kwa sawa. Aliyetia saini kwa Uingereza ni Lord Lansdowne, waziri wa mambo ya nje. Hiyo ndiyo habari mnayoijua, ama mngeijua kama Shōgun ingekuwa na misimu ya kutosha. Habari msiyoijua ni hii: wakati huo Himaya ya Afrika Mashariki haikuwa chini ya wizara ya makoloni. Ilikuwa chini ya wizara ya mambo ya nje, hadi 1905. Bosi wa mwisho wa kila askari aliyekanyaga Tetu mwaka 1902 alikuwa Lansdowne. Wino wa mkataba wa Japani na amri za Nyeri zilitoka ofisi moja.

Septemba ya mwaka huo, upande wa Murang'a, ofisa kijana wa King's African Rifles aitwaye Richard Meinertzhagen alishambulia kijiji kulipiza kisasi cha mzungu aliyeuawa, na akaandika mwenyewe kwamba aliamuru kila kilicho hai kiuawe isipokuwa watoto. Shajara yake ilichapishwa mwaka 1957, mwaka ule ule walipomnyonga Dedan Kimathi. Nikuambie pia kwamba Meinertzhagen alikuja kugunduliwa, baada ya kufa, kuwa aliiba ndege waliokaushwa wa makumbusho na kuwabandika maelezo ya uongo, kwa hivyo siapi kwa kila sentensi yake. Lakini mtu hudanganya ili aonekane mzuri. Huyu aliona kijiji kilichouawa kitampamba.

Desemba 1902 msafara wa adhabu ulikuja Tetu. Mifugo ikachukuliwa, watu wakauawa, kituo cha askari kikajengwa. Kituo hicho ndicho mji wetu. Kila ukisoma mahali kwamba Nyeri "ilianzishwa" 1902, ndicho kinachosemwa. Miaka 100 baadaye, Desemba 2002, Tetu hiyo hiyo ilimchagua Wangari Maathai kuwa mbunge, naye mwaka 2005 akaenda Japani akaokota neno lao la kutopoteza vitu ovyo, mottainai, akalitangaza duniani kote hadi wenyewe Wajapani wakaanza kulipenda upya. Sikuambii uone ishara yoyote hapo. Nakuambia tu mtu wa Tetu na Mjapani walikaa meza moja bila Mwingereza kuwa mkalimani.

Msimamizi mkuu wa Himaya yetu mwaka huo wa 1902 alikuwa Sir Charles Eliot, na huyu ndiye shahidi wangu wa mwisho. Msomi wa lugha nyingi. Ndiye aliyesukuma mpango wa kuifanya nyanda za juu nchi ya Wazungu. Mwaka 1904 aliandika kwamba Wamasai na makabila mengine mengi hawana budi kuzama, na kwamba jambo hilo halimkoseshi amani ya dhamiri. Alijiuzulu mwaka huo kwa kugombana na Lansdowne kuhusu nani agawiwe ardhi ya Wamasai. Ugomvi haukuwa kama igawiwe. Baadaye alikwenda wapi? Mwaka 1919 aliteuliwa balozi wa Uingereza Tokyo. Alikaa huko, akapenda, akajifunza dini yao, na kitabu chake kikubwa kuhusu Ubudha wa Japani kikachapishwa baada ya kifo chake. Kichwa kile kile. Kule alikuta watu wana mambo ya kale ya kusoma kwa unyenyekevu maisha yako yote. Kwetu alikuta nyasi.

Najua mtaniambia nini. Mtasema Mwingereza alimheshimu Mjapani kwa sababu Mjapani alikuwa na manowari. Ieyasu alikuwa na jeshi lililoshinda Sekigahara, na Waingereza wa 1613 walikuwa maskini walio mbali na kwao. Japani ya 1902 ilikuwa imeshaipiga China. Sisi hatukuwa na mfalme mmoja, tulikuwa na mbari na kiama, kila mtaro na wazee wake. Ni kweli. Nguvu ndiyo iliyoamua, sibishi.

Lakini mkisema hivyo mmekubali nilichotaka. Kama ni nguvu tu, basi haikuwa ustaarabu. Haikuwa kwamba ardhi ilikuwa tupu, wala kwamba sisi hatukuwa na sheria, wala kwamba Mwingereza hakujua taratibu za kuishi kwa watu. Alizijua toka 1613, alikuwa na shajara ya Cocks maktabani, iliyochapishwa kabisa mwaka 1883, miaka 7 kabla Lugard hajafika Dagoretti. Alichukua kwa sababu aliweza, na mtu anayechukua kwa sababu anaweza alikuwa na uchaguzi. Uchaguzi una mwenyewe, na mwenyewe anaweza kudaiwa. Ndiyo maana wakubwa wanaichukia "ingekuwaje" na wanaipenda "ilikuwa lazima". Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau, pauni milioni 19.9 kwa jumla, ikasema inasikitika, na hapo hapo ikasema haikubali kuwajibika kisheria. Kusikitika bila kuwajibika ni lugha ya mtu aliyeambiwa ilikuwa lazima.

Wala sheria zao hazikushindwa kutuona kama Wajapani pale ilipowafaa. Mwaka 1904 walitiliana saini na Wamasai kwamba makubaliano yatadumu maadamu Wamasai wapo duniani. Mwaka 1911 wakaleta karatasi nyingine na kuwatoa Laikipia, hapo juu ya Nanyuki. Wamasai wakaenda mahakamani. Mwaka 1913 majaji wakasema: Wamasai ni taifa la kigeni lenye mamlaka yake, mikataba yao na Mfalme ni mikataba ya mataifa mawili, kwa hivyo mahakama hii haina uwezo wa kuisikiliza. Siku ile ya kesi Mmasai akawa Mjapani. Kesho yake akaendelea kufukuzwa kama Mmasai. Kwa Wakikuyu ilikuwa kinyume: mwaka 1921, katika kesi ya Isaka Wainaina, jaji mkuu Barth aliamua kwamba ardhi yote ni ya Mfalme na wenyeji ni wapangaji wake, wanaokaa kwa hiari yake. Muhoi akawa mwenye nyumba kwa karatasi moja.

Ukitaka kuona jinsi karatasi hiyo inavyofanya kazi, shuka hadi Mwea. Mifereji ya mpunga ilianza kuchimbwa miaka ya 1950 na wafungwa wa Mau Mau. Wakulima waliowekwa humo, hata baada ya uhuru, kisheria walikuwa wapangaji wa mradi, hawana shamba, hawauzi mchele wanapotaka, wakikosea wanatolewa. Ilichukua hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 wakulima kugoma na kujiuzia wenyewe. Pesa za kuukarabati na kuupanua mradi huo, pamoja na bwawa la Thiba lililozinduliwa mwaka 2022, zimetoka kwa sehemu kubwa Japani, kwa mkopo. Kwa hivyo tuna historia yetu kamili ya Waingereza na Wajapani, iko kwenye sahani ya pilau.

Na mimi, kwa vile ni msichana wa Nyeri, sitadanganya kwamba ile njia nyingine ingekuwa Edeni. Mwingereza angekaa kama muhoi, sawa, na ithaka zingebaki kwa mbari. Katika mbari hiyo mimi nisingerithi hata kipande cha kuzikia paka. Karuri mwenye bunduki za Boyes angeweza kuwa dikteta wa kutisha. Wang'ombe wa Ihura wa Gaki angeweza kuuza ukoo mzima kwa faida. Wangekuwepo wazee wa kuhongwa, maana hao hawakosi. Tofauti ni kwamba ugomvi huo ungekuwa wetu, na ningeupigana kwa Kikuyu mbele ya kiama badala ya kuanzia London.

Sasa msome Katiba ya 2010, kipengele cha 65. Kinasema asiye raia wa Kenya hawezi kumiliki ardhi moja kwa moja, anaweza kupanga tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Mwaka 1902 walowezi walipewa miaka 99. Mwaka 1915 wakaona ni midogo, wakajiongezea hadi 999. Mtu alikuwa na karatasi ya Laikipia inayoisha mwaka 2914! Katiba ikaikata: miaka 99 kuanzia Agosti 2010, mwisho 2109. Hakuna aliyeandika neno muhoi humo ndani, lakini cucu yeyote wa Tetu ukimsomea kipengele hicho polepole atakuambia ni sheria gani.

Ila kinamhusu asiye raia. Walowezi waliochukua uraia baada ya 1963 wako salama. Waliouza pia wako salama, kwa sababu walilipwa, na pesa za kununua mashamba hayo serikali mpya ilizikopa kwa sehemu kubwa Uingereza, halafu wakulima wadogo wa Nyandarua na Nyeri wakakatwa miaka na miaka kurudisha mkopo. Na wapo wale ambao hawakukopa wala hawakupanga foleni, wenye maelfu ya ekari kati ya Naro Moru na Rumuruti na majina ya Kikuyu kama langu. Hao ndio huwa wa kwanza kutuambia, kwenye harambee, kwamba yaliyopita yalikuwa lazima yapite na vijana tuangalie mbele. Mwaka 2109 karatasi za wageni zitakapoisha, kuna mtu atasimama mlangoni kama mwenye nyumba. Ningependa tuanze kuuliza sasa ni nani, kabla wao hawajajibu wenyewe.